Mama ameombwa aingie kwenye utafiti wa dawa ya sukari: akubali?

Msomaji wetu wa Umoja, Nairobi, anauliza: "Daktari, mama yangu ana miaka 61, asili yetu ni Siaya. Huu ni mwaka wa tisa tangu agunduliwe na sukari. Anameza metformini na glibenklamidi, pamoja na dawa ya presha. Kliniki anakohudhuria wamemwomba aingie kwenye utafiti wa dawa mpya kwa mwaka mmoja, wakampa karatasi nyingi aende azisome nyumbani. Humo ndani kuna habari za plasebo, na kaka yangu mkubwa anasema mama atageuzwa panya wa maabara, tusimruhusu. Halafu kuna jambo jingine linalotuchanganya. Walipompima kile kipimo cha miezi mitatu walipata 7.6, wakamwambia amepita chupuchupu, kwa kuwa walio chini ya 7.5 hawachukuliwi. Lakini mashine yetu ya nyumbani kila asubuhi inasoma 11, 12, siku nyingine 13. Tuamini kipi? Na mama aingie au akatae?"

Uamuzi ni wa mama. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona familia zikifanya kikao sebuleni, watu wanapandishiana sauti, na mwenye ugonjwa wake yuko jikoni anawachemshia chai. Kaka yako aandamane naye kliniki, aulize lolote, hata kwa ukali akitaka. Wauguzi wa utafiti wamezoea. Lakini sahihi ni ya mama. Na hata akishaitia anaweza kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu, na kliniki yake ya kawaida itaendelea kumhudumia kama zamani. Mtu akimwambia vinginevyo, achukue mkoba wake arudi nyumbani.

Hofu ya kaka yako ina mizizi. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, Marekani, wanaume weusi takriban 400 wenye kaswende walifuatiliwa ili ionekane ugonjwa utawafikisha wapi. Hawakuambiwa wanaumwa nini, na penisilini ilipopatikana hawakupewa. Ni kwa sababu ya maovu ya namna hiyo ndiyo leo mtafiti habandiki mtu kidonge mkononi kabla ya kupita milango kadhaa. Hapa Kenya utafiti wa dawa unahitaji kibali cha kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, na leseni ya NACOSTI yenyewe. Kwenye zile karatasi za mama itafuteni nambari ya kibali na simu ya kamati ya maadili. Pigeni simu, mtaje nambari hiyo, muulize kama utafiti huo wanaujua. Mkikosa nambari, au mkiombwa pesa za kujiandikisha, hapo hakuna utafiti. Mitaani kwetu wapo wanaopima watu sukari bure chini ya mwavuli asubuhi, na kufikia saa sita wanawauzia unga wa mizizi.

Sasa plasebo. Ni kidonge kilichotengenezwa kifanane kabisa na dawa inayopimwa, ila ndani hakina dawa. Nadhani kinachowatisha ni picha ya mama akimeza hicho peke yake mwaka mzima huku sukari ikimpanda. Katika tafiti nyingi za watu walio tayari kwenye matibabu, mambo hayaendi hivyo. Kila mmoja anaendelea na metformini yake. Kinachotofautiana ni kile kidonge cha ziada, wengine wakipata dawa mpya na wengine plasebo. Juu ya hapo huwekwa kiwango cha uokoaji: sukari ya asubuhi ikivuka namba fulani na kipimo cha marudio kikathibitisha, mgonjwa huongezewa dawa halisi, awe upande wowote. Katika tafiti nyingi namba hiyo huanzia karibu 15.0 wiki za mwanzo, kisha hushushwa hatua kwa hatua hadi 11.1. Iangalieni kwenye karatasi za mama, na mkiisha kuiona, ikumbukeni, kwa sababu mashine yenu inasema mama yuko hapo hapo karibu nayo.

Nani anaamua mama awe upande gani? Kompyuta, kwa bahati nasibu. Daktari wake haambiwi, wala mama mwenyewe. Hapa ndipo watu wengi hukasirika: daktari anayenijua miaka yote hii, kwa nini asinichagulie yeye?

Jibu ni kwamba hata madaktari waliobobea hukosea, tena wote kwa pamoja. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS ulitoa majibu yake: watu waliogunduliwa na sukari karibuni, wakidhibitiwa vizuri zaidi, madhara ya macho na figo hupungua. Fani nzima ikafuata hesabu rahisi: kama kushusha sukari ni kuzuri, kuishusha zaidi ni kuzuri zaidi. Marekani na Kanada wakaanzisha utafiti wa ACCORD kuthibitisha hilo. Waliingia watu 10,251 wenye sukari ambao pia walikuwa na ugonjwa wa moyo au dalili za kuuelekea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 62, na nusu walikuwa wameishi na sukari kwa miaka kama 10 na zaidi. Yaani rika la mama yako kabisa. Kundi moja lilisukumwa kwa dawa mpaka kipimo cha miezi mitatu kishuke chini ya 6.0, kundi la pili liliachwa kati ya 7.0 na 7.9.

Wagonjwa na madaktari wao waliendelea na kazi wasijue jumla inasemaje. Waliokuwa na hesabu yote mezani ni kamati huru ya usalama, watu wasiowatibu wagonjwa hao. Februari 2008 kikatangazwa kile ambacho kamati ilikiona: katika kundi lililosukumwa walikuwa wamekufa watu 257, na katika kundi lililoachwa, 203. Ule mtindo wa kusukuma ukasimamishwa miezi mingi kabla ya muda uliopangwa, na wagonjwa wakahamishiwa matibabu ya kawaida. Bila kura ya bahati nasibu, vifo hivyo vingepita bila kuonekana. Kila daktari angesema mgonjwa wangu alikuwa mzee, moyo ulikuwa umechoka. Leo daktari akikuambia kwamba kwa mtu wa umri wa mama kipimo cha 7 na kitu kinatosha, sehemu kubwa ya ujasiri huo inatokana na watu hao 10,251.

Kwa hiyo katika zile karatasi tafuteni kama kuna kamati huru ya usalama, na inakutana mara ngapi. Mimi huitazama kabla sijatazama jina la dawa.

Kaka yako anaweza kuuliza pia: kwa nini waje Nairobi? Sababu moja ni ya kibiashara, nami sitaificha: wagonjwa wako wengi, wanapatikana haraka, na gharama ni ndogo kuliko Ulaya. Sababu ya pili ni yetu. Mwaka 2015 utafiti wa empagliflozini ulishangaza wengi. Dawa iliyobuniwa ili kutoa sukari mwilini kwa njia ya mkojo ilipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 ikilinganishwa na plasebo, kati ya watu 7,020 wenye sukari na ugonjwa wa moyo. Habari njema kweli. Lakini kati ya hao 7,020, weusi walikuwa kama 5 tu kwa kila 100. Tunaandika dawa kila siku kwa watu ambao hawakuwamo kwenye hesabu, tukitumaini miili inafanana.

Na mara nyingine haifanani, na hapo ndipo tunafika kwenye ile 7.6 yenu. Kwangu hii ndiyo sehemu nzito ya barua yako, kuliko hata utafiti wenyewe.

Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hakipimi sukari iliyo kwenye damu leo. Kinapima sukari iliyojibandika kwenye hemoglobini ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizo huishi siku kama 120, na kadiri zinavyokaa kwenye damu yenye sukari ndivyo zinavyokusanya. Sasa chukua mtu ambaye chembe zake zinakufa mapema. Hazipati muda wa kukusanya. Sukari yake inaweza kuwa juu kila siku na kipimo kikasoma chini, na mashine ya maabara haina kosa lolote.

Mwaka 2017 zilichapishwa tafiti mbili zilizoliweka jambo hili wazi. Moja iliangalia Wamarekani weusi wenye AS, yaani waliorithi nakala moja ya selimundu bila kuugua, ikaona kwamba kwa kiwango kilekile cha sukari kipimo chao husoma chini kwa wastani wa 0.3. Ya pili iliwahusu wenye hitilafu ya kimeng'enya kiitwacho G6PD ambayo imeenea kwa watu wenye asili ya Afrika: kwa wanaume wenye hitilafu hiyo kipimo kilishuka kwa takriban 0.8. Kwa wanawake hutegemea amerithi nakala moja au mbili, kwa sababu jeni hiyo hukaa kwenye kromosomu ya X. Vyote viwili, selimundu na G6PD, viko kwa wingi pale malaria ilipotawala kwa vizazi, kwa kuwa vilisaidia watu wasiuawe nayo. Kando ya ziwa, Siaya ikiwemo, ni mojawapo ya sehemu hizo.

Kipimo cha 7.6 kinalingana na sukari ya wastani wa kama 9.5 mchana na usiku. Mama anaamka na 11 hadi 13, kabla hata ya kula. Hesabu hiyo haifungi. Ama mashine yenu inadanganya, ama kipimo cha maabara kinasoma chini.

Anzeni na mashine, kwani ni rahisi. Kichupa cha vipande vya kupimia kisikae wazi jikoni karibu na jiko. Joto na unyevu huviharibu. Someni tarehe ya mwisho ya matumizi. Mama anawe mikono kwa maji na sabuni na kuikausha kabla ya kujitoboa, maana kidole kilichomenya embe au kupakua sukari ya chai kitasoma 13 hata kwa mtu mzima wa afya. Kisha fanyeni hivi: siku atakayokwenda kliniki bila kula, mwende na mashine yenu. Muuguzi anapovuta damu ya mshipa kwa ajili ya maabara, mama ajitoboe kidole papo hapo, muandike namba na saa. Majibu ya maabara yakirudi, linganisheni. Maabara ikisema 9 na mashine ilisema 12, nunueni mashine nyingine. Maabara ikisema 12 pia, basi 7.6 ndiyo ya kutiliwa shaka.

Ikifika hapo, mama aombe apimwe wingi wa damu, aina ya hemoglobini na G6PD. Aseme pia kama karibuni ameongezewa damu au ameugua malaria kali, kwa sababu hayo nayo huvuruga kipimo. Akipatikana na AS, asishtuke. Si ugonjwa, na ameishi nayo miaka 61. Ila wewe na ndugu zako mnaweza kuwa nayo, na kwa ambaye hajazaa bado ni habari ya kuijua kabla ya kupata mtoto na mwenye AS mwenzake.

Mnaona basi kwa nini sitaki atie sahihi wiki hii. Kama sukari yake halisi ni hiyo ya 12, kliniki imekuwa ikimtibu kwa namba nzuri kuliko hali yake, na anastahili kuongezewa matibabu, utafiti uwepo au usiwepo. Vilevile, akiingia na kuangukia plasebo, anaweza kukaribia kile kiwango cha uokoaji mapema mno, na mkajikuta mnapigiwa simu mara kwa mara msielewe kulikoni. Mtafiti mkuu apewe habari hii kwa maandishi. Aulizwe kama wanafuatilia wagonjwa kwa HbA1c peke yake au wanapima na sukari yenyewe. Mtafiti makini atafurahi kuulizwa hivyo. Anayekunja uso amewapa jibu pia.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Glibenklamidi. Ni dawa ya zamani, bei yake nafuu, na kwa mama wa miaka 61 siipendi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka gliklazidi mahali pake na kutaja kwamba glibenklamidi haifai kwa waliopita miaka 60, kwa kuwa inaweza kushusha sukari kupita kiasi na kuishikilia chini kwa saa nyingi. Mwongezee dawa mpya yenye nguvu na hatari hiyo inakua. Muulizeni daktari wake kama anaweza kubadilishiwa. Tafiti nyingi hutaka mgonjwa awe ametumia dawa zilezile kwa wiki kadhaa kabla ya kuingia, kwa hiyo akibadilishiwa leo huenda akaambiwa angoje. Angoje.

Akiingia, zile siku za kwenda na njaa ndizo za kuangaliwa. Ametoka Umoja alfajiri, hajanywa chai, matatu imekwama kwenye Jogoo Road, na huko kliniki foleni. Asimeze glibenklamidi nyumbani siku hiyo. Aibebe, aimeze akishavutwa damu na kula, na muuguzi athibitishe utaratibu huo mapema. Mkobani awe na mkate na glukosi ya unga. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kusema maneno yasiyoeleweka, ajitoboe. Ikisoma chini ya 3.9 ale glukosi palepale, kipimo cha utafiti kiharibike tu.

Kuhusu damu wanayovuta, watu huogopa bure. Karatasi ikisema mililita 40, hiyo ni kama vijiko vinane vya chai. Anayechangia damu hutoa karibu 450 kwa mkupuo mmoja. Kinachostahili kuulizwa ni damu hiyo inakwenda wapi baadaye. Mara nyingi kuna kisanduku cha pembeni cha kukubali sampuli zihifadhiwe kwa tafiti za siku za usoni, pengine nje ya nchi, pamoja na uchunguzi wa jeni. Mama anaweza kukubali utafiti na kukikataa kisanduku hicho. Wengi hawalijui hili na hutia alama kote ili wamalize haraka.

Someni pia sehemu ya madhara. Bodi ya Dawa na Sumu hudai watafiti wawe na bima kwa ajili ya washiriki, kwa hiyo mama akidhurika na dawa ya utafiti gharama si yenu, wala haipaswi kupelekwa SHA, bima ya afya ya serikali, kama ugonjwa wa kawaida. Ulizeni atapelekwa hospitali gani na nani atasaini kumpokea. Nauli hurudishwa, ulizeni kama ni siku hiyo hiyo kwa M-Pesa au mwisho wa mwezi, maana kwa mzee asiye na mshahara tofauti hiyo inaweza kumfanya akose ziara.

Halafu siku ya mwisho ya utafiti. Kwa kawaida hapa ndipo karatasi hukauka maneno. Mama ametumia dawa mwaka mzima, sukari imetulia, kisha anashukuriwa na kuambiwa arudi alikotoka. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka mpango wa baada ya utafiti uandaliwe kabla haujaanza na washiriki waelezwe. Ulizeni wazi: dawa ikimfaa, ataendelea kuipata? Kwa muda gani, na kwa gharama ya nani? Jibu likiwa "hapana", bado anaweza kuingia, ili mradi anajua. Kinachobaki kuwa haki yake ni barua yenye vipimo vyake vyote na, siku ya kufunguliwa siri ikifika, kuambiwa alikuwa upande gani.

Mkishapata jibu la ile 7.6, suala la glibenklamidi likiisha kutatuliwa, na majibu ya bima na ya siku ya mwisho yakiwa yameandikwa, nisingekuwa na sababu ya kumzuia. Ataonwa mara nyingi kuliko wagonjwa wengine wa kliniki ile, lakini asiingie kwa tamaa ya kupona. Dawa yenyewe ndiyo inayopimwa, na inaweza kushindwa. Akikataa, asiombe radhi kwa mtu. Na akikubali, kabla hajatoka mlangoni apewe namba ya simu inayopokelewa usiku, nanyi muipige usiku huo huo muone kama inapokelewa.